Fua, subu, piga chapa, ghushi: vitenzi vya utengenezaji wa sarafu kwa nyundo

Sarafu ni kipande cha metali kilichotiwa chapa ya mamlaka ili kitumike kuwa fedha. Neno hili limetokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kubadilisha fedha, nalo limo katika ngeli ya I-ZI: sarafu hii, sarafu hizi. Nomino yenyewe haimsumbui mfasiri. Kinachomsumbua ni kitenzi, hasa anapokutana na matini inayoeleza jinsi fundi anavyotengeneza sarafu nyumbani kwa nyundo na fuawe. Vitenzi vinne hugombania nafasi hiyo, na kila kimoja humweleza fundi huyo kwa namna yake.

1. Fua

Kufua ni kupiga kitu ili kukipa umbo au hali inayotakiwa. Ndiyo maana mtu hufua chuma, hufua nguo na hufua nazi. Na asiyeweza jambo huambiwa kuwa hafui dafu. Katika uhunzi, kitenzi hiki huhusu kuibadili metali umbo kwa mapigo. Kutokana nacho tumepata *fuawe*, yaani chuma au jiwe ambalo mhunzi hufulia juu yake, na *mfua dhahabu*, yaani sonara. Kauli yake ya kutendwa ni *fuliwa*: *Bamba la shaba lilifuliwa mpaka likawa jembamba.* Isichanganywe na msimu wa mitaani wa Tanzania, *amefulia*, wenye maana ya ameishiwa fedha.

Lugha ilikuwa pia na kitenzi *sana* chenye maana hiyohiyo ya uhunzi. Leo hakisikiki sana nje ya methali: *Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.* Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto.

2. Subu

Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ili igande kwa umbo la kalibu hiyo. Hapa hakuna pigo. Kipande kilichosubiwa hakikufuliwa, hata kama vyote viwili vimepitia motoni. Fundi anaweza kusubu visahani vitupu kwanza, kisha akavitia chapa kwa nyundo. Matini ya namna hiyo huhitaji vitenzi vyote viwili, kila kimoja mahali pake.

3. Piga chapa

Chapa ni alama inayoachwa na kitu kigumu juu ya kitu laini zaidi. Katika sarafu za nyundo huwapo chapa mbili za chuma cha pua. Ya chini hukazwa ndani ya gogo ili isitikisike. Ya juu hushikwa kwa mkono au kwa koleo. Kisahani huwekwa katikati, na pigo moja zito la nyundo huacha alama pande zote mbili kwa mara moja. Chapa ya juu ikiteleza na fundi akarudia pigo, alama hutokea maradufu.

Maandishi kwenye chapa huchongwa kinyume, kama yaonekanavyo katika kioo, ili yasomeke sawasawa kwenye sarafu. Mfasiri anayeandika kwamba fundi "aliandika jina kwenye sarafu" hupoteza hatua hiyo: jina lilichongwa kwenye chapa, kisha likapigwa kwenye sarafu.

Jambo jingine la kuangaliwa ni moto. Shaba inayopigwa mara nyingi huwa ngumu na huweza kupasuka, kwa hiyo fundi huipasha moto mpaka iwe nyekundu ili ilainike. Hata ikitoswa majini baada ya hapo, hubaki laini. Chuma cha pua cha chapa kikitendewa vivyo hivyo huwa kigumu. Kitendo ni kimoja, matokeo ni kinyume. Basi ni heri kutaja lengo waziwazi: *aliipasha shaba moto ili kuilainisha*, *alikipasha chuma moto na kukitosa majini ili kukikaza.* Neno *shaba* nalo lina utata. Palipo na haja ya kutofautisha, isemwe *shaba nyekundu* au *shaba ya njano*.

4. Ghushi

Kughushi ni kutengeneza au kubadili kitu kwa nia ya kudanganya. Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachobeba kazi ya mhunzi na hila ya mdanganyifu pamoja, Kiswahili kimezitenga. Atakayetafsiri kwa pupa anaweza kuandika *sarafu zilighushiwa Kilwa* pale mwandishi alipokusudia kwamba zilitengenezwa huko. Kwa neno moja, warsha ya sultani imekuwa pango la wezi.

Tahadhari hiyohiyo inahusu kivumishi *bandia*. Fundi anayeiga sarafu ya kale kwa ajili ya makumbusho au darasa, bila kuificha kazi yake, ametengeneza *nakala* au *sarafu ya kuiga*. *Sarafu bandia* ni ile inayopitishwa kama halali. Tofauti hii si ya mtindo tu. Sheria za adhabu za Tanzania na Kenya zina makosa yanayohusu sarafu, na katika maelezo ya shahidi au hati ya mahakama, neno *bandia* ni shutuma.

Mfano wa kihistoria: Kilwa

Masultani wa Kilwa walitoa sarafu za shaba zenye majina yao, miongoni mwao Ali bin al-Hasan na, katika karne ya 14, al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu yenye jina la huyu wa pili imepatikana mbali na pwani, huko Zimbabwe Kuu. Kwa mwalimu wa lugha, zina jambo la kuvutia: upande mmoja una maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, upande wa pili una jina la mtawala, na pande hizo mbili huungana kwa kina, kama vipande vya ubeti. Sarafu hizo za shaba hazina mwaka. Mfasiri asiongeze tarehe katika sentensi kana kwamba imeandikwa juu yake.

Uingereza nayo ilitumia nyundo kwa karne nyingi, mpaka mashine zilipochukua nafasi yake mwaka 1662. Kingo za sarafu za nyundo hazikuwa sawa, na walaghai waliweza kuzikata kidogokidogo bila kugundulika upesi. Katika mfano huu maneno hujipanga yenyewe: mfuaji alifua, mwenye mamlaka akapiga chapa, mlaghai akapunja.

Muhtasari wa matumizi

- *Alifua kisahani*: alikipa umbo kwa nyundo.
- *Alisubu kisahani*: alimimina metali katika kalibu.
- *Alipiga sarafu chapa*: alitia alama juu ya kisahani.
- *Alighushi sarafu*: alitengeneza ya uongo ili adanganye.

Matini isipoonyesha nia ya udanganyifu, mfasiri hana ruhusa ya kutumia kitenzi cha nne.