Pensheni ya jeshi na mshahara wa uraiani (Kibaha na Kisarawe)

Pensheni ya jeshi na mshahara wa uraiani ni malipo mawili yanayokutana mikononi mwa ofisa mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) pale anaporudishwa serikalini kwa uteuzi au kwa mkataba. La kwanza ni haki ya utumishi uliokwisha, la pili ni ujira wa kazi inayoendelea. Katika Mkoa wa Pwani suala hili linahusu zaidi Kibaha, yaliko makao makuu ya mkoa na taasisi kadhaa za ulinzi. Kisarawe inaguswa kwa mlango wa nyuma.

Misingi ya kisheria

Wanajeshi hawakatwi mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii kama walimu au wauguzi. Pensheni yao hulipwa na Hazina moja kwa moja. Umri wa kustaafu jeshini hufuata cheo, na wengi hutoka wakiwa na nguvu zao kamili, mapema kuliko mtumishi wa kiraia, ambaye hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Tofauti hiyo ya umri ndiyo inayomfanya mwanajeshi mstaafu awe mtu wa kutafutwa.

Anayeteuliwa kuwa mkuu wa mkoa au wa wilaya huingia chini ya sheria nyingine kabisa, ile ya mafao ya viongozi wa kisiasa ya mwaka 1999 (Sura 225). Mafao hayo hayatazami nyota za begani. Ofisa aliyepitia njia zote mbili huwa na majalada mawili, na kila jalada lina hesabu zake.

Kuvua gwanda, 1992

Wingi wa viongozi wa kiraia wenye neno "mstaafu" mbele ya majina yao una mzizi mmoja mkubwa. Tangu JWTZ ilipoundwa Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo, jeshi lilijengwa ndani ya chama tawala. Ofisa aliweza kuwa kada, mbunge au waziri bila kuacha utumishi. Mrisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wa kwanza, alitoka jeshini mwaka 1974 akaingia baraza la mawaziri. Mrithi wake, Abdallah Twalipo, naye alikuja kuwa waziri.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Katiba ilipiga marufuku mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Maofisa waliokuwa na miguu pande zote mbili wakatakiwa kuchagua. Mfano unaofahamika kuliko yote ni wa Jakaya Kikwete, mwana wa Pwani na mwanafunzi wa zamani wa Sekondari ya Kibaha, aliyewahi kuwa mkufunzi mkuu wa siasa katika Chuo cha Kijeshi Monduli. Alikuwa waziri kamili tangu 1990, na mwaka 1992 alistaafu jeshi kwa cheo cha Luteni Kanali ili abaki katika siasa. Aliyoyapata baadaye kama Rais mstaafu ni ya ngazi nyingine: sheria humpa rais mstaafu asilimia 80 ya mshahara wa rais aliye madarakani.

Uteuzi wa wastaafu uliendelea katika awamu zote zilizofuata. Orodha ya wakuu wa mikoa iliyotangazwa na Rais John Magufuli Machi 2016 ilikuwa na majenerali wanne: Salum Kijuu (Kagera), Ezekiel Kyunga (Geita), Raphael Muhuga (Katavi) na Emmanuel Maganga (Kigoma). Yote ni mikoa ya pembezoni, na mitatu inapakana na nchi jirani. Pwani, iliyo mlangoni mwa Dar es Salaam, ilipewa mhandisi, Evarist Ndikilo.

Bodi za mashirika

Wakuu wa Majeshi wastaafu wamekuwa na njia yao wenyewe, iliyotulia zaidi. Robert Mboma aliongoza bodi ya TANESCO, George Waitara bodi ya TANAPA, na Venance Mabeyo bodi ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mwenyekiti wa bodi halipwi mshahara. Hupata ada na posho za vikao, hivyo huikwepa kwa ustadi hoja kwamba mstaafu wa jeshi hupokea "mishahara miwili".

Davis Mwamunyange, Mkuu wa Majeshi kuanzia 2007 hadi 2017, aliongoza bodi ya DAWASA, mamlaka ya maji ambayo eneo lake linajumuisha Kibaha na Kisarawe.

Kibaha

Kibaha ina kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) cha Ruvu, upande wa Mlandizi, na shirika la Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya wizara ya ulinzi. Askari na raia hufanya kazi pamoja Nyumbu. Chanzo cha maji cha Ruvu Juu, cha DAWASA, nacho kiko Mlandizi.

Kisarawe

Hapa suala hili linaingia kupitia DAWASA, ambayo bodi yake iliongozwa na Mwamunyange. Mradi wa maji wa Kisarawe, uliotekelezwa na mamlaka hiyo, ulizinduliwa na Rais Magufuli Juni 2020.

Nchi nyingine

Marekani iliwahi kuwapunguzia pensheni maofisa wa jeshi la kudumu waliochukua kazi za kiraia za serikali ya shirikisho, kwa sheria ya mwaka 1964. Punguzo hilo lilifutwa mwaka 1999. Kenya ilirithi kutoka ukoloni kifungu kinachoruhusu pensheni isimamishwe mstaafu anaporudi kazini. Kinatoa ruhusa tu, hakilazimishi.

Hali ya sasa

Mjadala wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, uliowaka mwaka 2018 baada ya mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuunganishwa kuwa mfuko mmoja wa PSSSF, ulihusu wanachama wanaochangia, kwa hiyo wanajeshi waliutazama kwa mbali. Malipo ya mkupuo kwa wanachama hao yalipangwa kuwa asilimia 33 kuanzia Julai 2022. Bajeti ya 2024/25 iliyapandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 hapo awali, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25.