Karani Aliyejifunza Kuruka

Msomaji, bila shaka umepata kuwasikia watu wazima wakisema kwamba kujifunza ni kazi ya watoto, na kwamba mti mkavu haukunjiki. Mimi kazi yangu ni kuwafundisha watakaokuwa walimu, nami huyasikia maneno hayo karibu kila mwaka. Kwa hiyo nataka nikusimulie habari za karani mmoja mwanamke aliyeanza kujifunza kurusha ndege akiwa na miaka 25, tena kwa kujiburudisha tu baada ya kazi.

Jina lake lilikuwa Amy Johnson. Alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Hull, Uingereza, ambako baba yake alikuwa akifanya biashara ya samaki. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Sheffield, kisha akaenda London kufanya kazi katika ofisi ya mawakili. Miaka michache kabla ya hapo karani asingaliweza kuwaza habari ya urubani, kwani eropleni zilikuwa za wanajeshi na matajiri. Kilichoufungua mlango ni chombo kimoja kidogo kilichoitwa Moth, ambacho Geoffrey de Havilland alikirusha kwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 1925. Injini yake ilitokana na ile ya Renault ya silinda nane iliyobaki baada ya Vita Kuu: ilitwaliwa nusu yake tu, silinda nne, nayo ikatoa nguvu za farasi 60 hivi. Mabawa yake yaliweza kukunjwa kwa nyuma, ndege ikakokotwa na motokaa na kulazwa bandani. Mwaka ule ule serikali ya Uingereza ikaanza kuvisaidia kwa fedha vyama vya kurusha ndege, ili raia wajifunze kwa gharama ndogo.

Hata Nairobi ndege za jamii hiyo zilifika. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha shirika lake la Wilson Airways kwa ndege moja ya Gipsy Moth. Walakini tusidanganyane: siku zile hapa kwetu kuruka kwa kujifurahisha kulikuwa kwa walowezi, na Mwafrika aghalabu aliiona ndege kwa kuinua macho.

Basi, mwezi wa Septemba 1928 Amy alianza masomo katika London Aeroplane Club, kwenye kiwanja cha Stag Lane. Mwanafunzi aliketi kiti cha nyuma, mwalimu mbele yake, wote wawili wakipigwa na upepo na kusemezana kwa mpira uliounganisha kofia zao. Mambo ya kushika ni machache. Ukiusukuma mbele mkono wa kuongozea, pua ya ndege huinama, ukiuvuta, huinuka, miguu nayo hukanyaga vyuma vinavyougeuza usukani wa mkiani. Shida ni kutua. Yampasa rubani aishushe ndege hata ibakie kidogo tu kugusa nchi, kisha aipunguze mwendo mpaka mabawa yasiweze tena kuibeba, nayo magurudumu yawe yamekaribia majani. Akiyafanya hayo juu mno, huanguka kwa kishindo. Akichelewa, huugonga uwanja na kurushwa tena juu. Hakuna kitabu kiwezacho kuufundisha mkono kipimo hicho.

Amy hakuwa mwepesi. Aliruka peke yake kwa mara ya kwanza tarehe 9 Juni 1929, baada ya kufundishwa kwa saa 15 na dakika 45, ilhali wenzake wengi walikuwa wakifika hapo mapema zaidi. Mwezi uliofuata alipata leseni. Wengi katika chama wangaliridhika na hayo, wakawa wakiruka siku za Jumapili. Yeye aliingia katika banda la ndege, akavaa nguo za kazi, akajifunza kwa makanika jinsi ya kufungua injini, kuisafisha na kuiunga tena. Mwisho wa mwaka ule akapewa hati ya ufundi wa ndege, ambayo hakuna mwanamke wa Uingereza aliyewahi kuipata kabla yake. Kazi ya mawakili aliiacha.

Naona hapo bandani ndipo safari yake yote ilipopatikana. Baba yake pamoja na tajiri mmoja wa mafuta, Lord Wakefield, walimtolea fedha za kununua Gipsy Moth iliyokwisha tumika, akaiita Jason, alama ya biashara ya samaki ya baba yake. (Si kila karani ana baba wa namna hiyo.) Tarehe 5 Mei 1930 aliondoka Croydon peke yake kwenda Australia, yapata maili 11,000, ilhali safari yake ndefu kuliko zote hadi siku ile ilikuwa ya kutoka London kwenda kwao Hull.

Karibu na Baghdad dhoruba ya mchanga ilimshusha jangwani, akazuia magurudumu kwa mizigo yake. Alipofika upande wa Rangoon alikosea kiwanja, akatua katika uwanja wa michezo wa chuo cha ufundi cha Insein. Ndege ikatumbukia shimoni, rafadha ikavunjika na bawa likachanika. Hapo saa zake za bandani zilimfaa. Alishirikiana na watu wa chuo kile, wakashona viraka kwa mashati yaliyokuwa yametengenezwa kwa kitambaa cha ndege kilichosalia vitani, naye akafunga rafadha ya akiba aliyokuwa ameibeba. Huko Java mianzi ikatoboa mabawa tena, akayaziba kwa plasta ya kufungia vidonda.

Alifika Darwin tarehe 24 Mei. Bert Hinkler alikuwa amekwisha pita njia hiyo mwaka 1928 kwa siku chache zaidi, hivyo rekodi aliyoitamani hakuipata. Lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia. Alifariki mwezi wa Januari 1941, wakati wa vita, ndege aliyokuwa akiipeleka ilipoanguka katika mlango wa mto Thames. Ile Jason, ya rangi ya kijani, imehifadhiwa katika Jumba la Sayansi, London.