Wageni Katika Fani

Mwaka 1865 Louis Pasteur, mwanakemia aliyekwisha kujijengea jina, aliombwa na mwalimu wake wa zamani, Jean-Baptiste Dumas, aende kusini mwa Ufaransa kuuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiwaangamiza viwavi wa hariri. Hakuwahi kumshika kiwavi hata mmoja. Huko Avignon alimtembelea Jean-Henri Fabre, mjuzi wa wadudu, akapewa vifukofuko. Akakitikisa kimoja sikioni, akashangaa kuambiwa kuna mdudu ndani. Fabre, aliyekisimulia kisa hicho, hakumdharau. Alistaajabia ujasiri wake.

Kufikia 1870 mgeni huyo alikuwa amewapa wafugaji njia yao ya kuokoka: nondo jike akishataga, asagwe na kutazamwa kwa hadubini, akikutwa na vidoa vya ugonjwa, mayai yake yateketezwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Zamani kuhama fani kusingekuwa jambo la kuzungumzwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika tiba na falsafa kwa kalamu ileile. Ua baina ya taaluma ulipandwa hasa karne ya 19, vyuo vikuu vya Ujerumani vikitangulia: kila fani ikapata kigoda chake, maabara yake na majarida yake. Hata hapo Hermann von Helmholtz alipenya. Moyo wake ulikuwa kwenye fizikia, lakini serikali iligharimia udaktari, akausomea. Alifundisha fiziolojia kwa miaka mingi, na mwaka 1871 akakabidhiwa kigoda cha fizikia Berlin.

Si kila mgeni alipokewa hivyo. Alfred Wegener alipata uzamivu katika elimu ya nyota mwaka 1905, akageukia hali ya hewa, kisha mwaka 1912 akatangaza kwamba mabara yalikuwa pamoja, yakaachana. Alionyesha visukuku na miamba inayofanana pande mbili za Atlantiki. Wanajiolojia wengi walimkatalia, na katika mkutano wa New York wa mwaka 1926 nadharia yake ilishambuliwa vikali. Kweli, hakuweza kueleza ni nguvu gani inayosukuma bara zima, na hoja hiyo ilikuwa nzito. Lakini naamini sehemu ya hasira ile ilitokana na kuona mtu wa mawingu akiwafundisha kazi yao. Alifia barafuni Greenland mwaka 1930. Katika miaka ya 1960 vipimo vya sakafu ya bahari vilimpa haki, na leo mwanafunzi wetu anayesoma habari za Bonde la Ufa anaanzia pale alipokataliwa Wegener.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wanafizikia walimiminika kwenye biolojia. Francis Crick, aliyekuwa akibuni mabomu ya baharini, alishiriki kufumbua umbo la DNA mwaka 1953. Alipotimiza miaka 60 akahamia tena, safari hii kwenye ubongo.

Afrika ina Cheikh Anta Diop. Msenegali huyu alikwenda Paris mwaka 1946, akasomea fizikia na kemia huku akichimbua historia ya Misri ya kale. Aliporudi Dakar, katika miaka ya 1960, alianzisha maabara ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni, fizikia ikawa mtumishi wa historia. Hata hivyo, kwa miaka mingi hakupewa darasa la historia chuoni. Alifariki mwaka 1986. Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Dakar kikapewa jina lake.