Paa Moja, Vyumba Sita: Akili Unde na Orodha za Walengwa Kinondoni na Temeke

Katika warsha za asasi za kiraia jijini Dar es Salaam kuna dai linalozidi kupata nguvu: kwamba asasi inatumia akili unde kwa kuwajibika ikiwa ina sera iliyoandikwa, fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mlengwa, na ofisa anayepitia matokeo kabla hayajafanyiwa kazi. Makala hii inadai kuwa masharti hayo yote yanaweza kutimizwa na bado mtu aliyestahili msaada akabaki nje ya orodha, pasipo yeyote kujua kuwa hayumo. Sera humlinda aliyeandikwa. Ridhaa huombwa kwa aliyefikiwa. Ofisa naye hupitia majina yaliyopo mezani. Aliyeachwa hana fomu wala faili, na katika kazi ya misaada ndiye wa kuulizwa habari zake kwanza.

Kuhusu usiri sioni ubishi wa maana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti ya kukusanya taarifa na kuzisafirisha nje ya nchi, na imempa mhusika haki dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Ofisa mradi anayebandika majina ya watumiaji wa ARV kwenye programu ya kuandikia ripoti, ili apate muhtasari wa Kiingereza kabla mfadhili hajaanza kuuliza, anapeleka siri za wagonjwa kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo. Hilo ni kosa, likome. Ubishi uko kwenye swali la nani ni maskini, na nani anaruhusiwa kulijibu.

Mwaka 2014 Brian Abelson, Kush Varshney na Joy Sun walichapisha utafiti uliofanywa kwa ajili ya shirika la GiveDirectly, linalogawa fedha taslimu kwa maskini. Waliifundisha kompyuta kutofautisha, katika picha za setilaiti za vijiji vya Kenya na Uganda, paa za nyasi na paa za bati. Penye nyasi nyingi ndipo penye umaskini zaidi, na hivyo shirika lingejua lianzie kijiji gani bila kutuma watu kuzunguka kila mahali. Kwa mazingira ya vijiji vile hoja hiyo ina mantiki, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wanaoichukua fikra hiyo, kwamba umaskini husomeka kutoka juu, wakaileta Tandale, Keko au Mbagala.

Huku kwetu karibu kila nyumba ni bati. Tena aliye chini ya bati hilo mara nyingi si mwenye nyumba. Chukua nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ua nyuma, choo kimoja na bomba moja. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, au amehamia Chamazi na kumwachia mdogo wake kazi ya kukusanya kodi. Chumba cha pili yumo fundi cherehani na mkewe. Cha tatu, mama muuza vitumbua na watoto wanne. Cha nne, vijana watatu wa bodaboda wanaolala kwa zamu. Cha tano, bibi aliyeletwa mjini kutibiwa, pamoja na mjukuu anayemuuguza. Cha sita kimefungwa, kwa kuwa mpangaji alimaliza kodi ya miezi sita na hajapatikana mwingine. Huko uani pameongezwa banda la vyumba viwili, bati lake likigusana na la nyumba kubwa. Umeme ni mita moja ya LUKU, na kila wiki kuna mzozo wa nani ana friji.

Kwa kamera ya setilaiti hilo ni paa moja, pengine kubwa na jipya kuliko ya jirani. Modeli inayosoma utajiri kwa ukubwa wa paa na ung'aavu wake italiweka miongoni mwa wenye nafuu, kumbe kipimo chake kimempima mwenye nyumba aliye Chamazi. Bibi wa chumba cha tano hayumo katika hesabu hiyo, na hakuna kosa la kompyuta la kurekebishwa. Kompyuta imeona sawasawa. Kilichokosewa ni kudhani kwamba kaya zinaonekana kutoka angani.

Jambo hili lingekuwa dogo kama data za namna hiyo zingekuwa adimu. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa bure michoro ya majengo ya Tanzania na Uganda iliyochorwa na kompyuta, na ya Tanzania pekee ilizidi milioni 11. Mwaka 2021 Google ikatoa yake, majengo milioni 516 barani Afrika. Ni kazi kubwa, na kwa kupanga barabara, kukadiria wingi wa makazi au kutafuta mahali pa kuweka kituo cha chanjo, ina faida isiyopingika. Ila ikishafika mezani kwa ofisa mwenye andiko la kuwasilisha Ijumaa, idadi ya majengo hugeuka idadi ya kaya kwa kuzidishwa na wastani, na wastani huo ukageuka bajeti ya magodoro na ndoo.

Dar es Salaam ina mfano wake wa kazi iliyofanywa kwa njia tofauti, na inashangaza jinsi unavyotajwa kwa nadra katika mijadala ya akili unde. Ramani Huria ilianza mwaka 2015, baada ya jaribio la awali la kuchora ramani ya Tandale mwaka 2011, mwaka uleule ambao mafuriko ya Desemba yaliua watu zaidi ya 40 jijini. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wakazi, walipita uchochoro kwa uchochoro katika kata zinazofurika. Ndege zisizo na rubani zilipiga picha za juu, kisha watu wakatembea chini kuuliza: mtaro huu unaishia wapi, maji yalifika wapi ukutani, kisima hiki ni cha nani. Yote yakawekwa katika OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuirekebisha. Baadaye mradi ulikaa na wajumbe wa mashina ili waonyeshe mipaka ya maeneo yao, mipaka waliyokuwa nayo kichwani tu.

Hapo ndipo ninaposimamia hoja yangu. Mjumbe anajua korido ile. Anajua chumba cha sita ni kitupu, na kwamba bibi wa chumba cha tano hawezi kutembea maji yakija usiku. Ni kweli kwamba Ramani Huria nayo ilichora majengo kuliko wapangaji, na hailingani na daftari la kaya. Lakini iliacha kitu ambacho modeli zilizoletwa zimeshakamilika haziachi: mlango wa kuingia na kusema hapa mmekosea. Kwa mtazamo wangu mlango huo ndio kipimo cha uwajibikaji. Asasi ijiulize kama mtu aliyeachwa anaweza kugundua kuwa ameachwa, akajua pa kwenda, na akabadilisha matokeo kabla mgao haujaisha.

Mfano wa Togo ndio hutajwa zaidi kama jibu kwa watu wenye mashaka kama mimi. Wakati wa UVIKO-19, katika mpango wa Novissi, taarifa za matumizi ya simu zilitumika kuchagua wa kupewa fedha, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022. Ikilinganishwa na kuchagua kwa maeneo, njia ile ilipunguza makosa ya kuwaacha wastahiki kwa asilimia 4 hadi 21. Wanaoinukuu sentensi hiyo huishia hapo. Makala yenyewe inaendelea: ikilinganishwa na njia zinazotegemea daftari kamili la kaya, makosa hayo yanaongezeka kwa asilimia 9 hadi 35. Ulinganisho huo wa pili ni wa kinadharia, kwa kuwa Togo haikuwa na daftari hilo. Watafiti walikuwa waaminifu kulisema. Sisi tusijifanye tuko pale walipokuwa wao wakati tuna ofisi ya serikali ya mtaa, mtendaji, mwenyekiti aliyechaguliwa, na mjumbe anayejua korido.

Pingamizi zito ni kwamba mjumbe naye hupendelea. Shina la mjumbe, yaani nyumba kumi, ni ngazi ya chama cha siasa, na mpangaji aliyehamia mwezi uliopita, au asiyehudhuria vikao, anaweza kusahauliwa kwa makusudi. Nakubali hatari hiyo ipo. Hata hivyo upendeleo wa mjumbe una sura na una jirani anayeuona. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ulijengwa juu ya hatua zinazokaguana: jamii hutaja kaya katika mkutano wa hadhara, kisha fomula ya takwimu huzichuja. Manung'uniko hayakukosekana, lakini mtu aliweza kusimama mkutanoni akauliza kwa nini fulani yumo na yeye hayumo. Modeli iliyofunzwa ng'ambo haina mkutano.

Si kila orodha ni ya kusomwa hadharani. Ya wagonjwa haisomwi kamwe, na huko ukaguzi hutoka kwingine. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha programu za kompyuta kusoma picha za eksirei za kifua katika kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Anayetiliwa shaka hupimwa makohozi maabara, na maabara ndiyo inayoamua. Asasi za Temeke zinazofuatilia wagonjwa wa kifua kikuu majumbani zinaweza kuipokea teknolojia hiyo bila hofu kubwa ya kumpa mzima ugonjwa asio nao, ilimradi zihoji kila mara ni wangapi mashine imewaruhusu kurudi nyumbani bila kipimo.

Kwa orodha za mafuriko na chakula, napendekeza kanuni moja: jina lisiingie wala kutoka kwa neno la modeli peke yake, na orodha ibandikwe ofisi ya mtaa siku kadhaa kabla ya mgao. Watakaosema dharura haisubiri nawakumbusha kuwa masika huja Machi na vuli huja Oktoba. Maeneo yanayofurika kando ya Msimbazi, Kizinga na Mzinga yanajulikana. Kazi ya kupita vyumba ifanyike Februari na Septemba, modeli ikisaidia kuonyesha mashina yaliyoongezewa mabanda mapya tangu msimu uliopita, ambalo ni jambo inaloliona vizuri kweli.

Inabaki gharama, na hapa wafadhili wanabanwa kuliko asasi. Posho ya mjumbe, nauli ya vijana wa kuhakiki na siku mbili za kusikiliza malalamiko ndivyo vifungu vinavyokatwa kwanza, kwa maelezo kwamba teknolojia imepunguza haja ya watu wa uwandani. Andiko linaloomba fedha za modeli bila vifungu hivyo lirudishwe kwa mwombaji, hata kama sera yake ya akili unde ina kurasa 40.