Dereva wa Garratt aliona nini?

Huku Dimani, Kibiti, reli hatuna. Treni tunaendesha kwenye kompyuta. Wengi tukiingia chumba cha dereva huanza kwa kuisogeza kamera, juu kidogo, mbele kidogo, hadi reli yote ionekane. Kwenye Garratt, hapo ndo unafuta historia.

Garratt za daraja la 59 zilikuwa 34. Kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, kiliziunda 1955 na 1956 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki: tani 252, urefu zaidi ya mita 30. Dereva alikaa nyuma ya boila, na mbele ya boila kulikuwa na tangi la maji. Kioo cha mbele kilimwonyesha chuma kingi. Reli aliipata kwa kuchungulia dirishani, na kona ikipinda upande wa pili alitegemea macho na sauti ya msaidizi wake, ambaye papo hapo alikuwa na moto wa mafuta wa kuangalia. Ukiisogeza kamera, huyo msaidizi hana kazi tena.

Injini zenyewe zilipewa majina ya milima. Namba 5918, Mount Gelai, ipo makumbusho ya reli Nairobi, ingawa mlima Gelai (tusisahau) uko kwetu Tanzania.