Biti moja inayoamua kompyuta iwake au isiwake

Leo tuongelee zile sekunde chache kati ya kubonyeza kitufe na kompyuta kuwa tayari. Zina historia, na historia hiyo inatugusa.

Ukibonyeza kitufe, mfumo endeshi bado umelala kwenye diski. Inatangulia programu ndogo iitwayo butiloda. Kazi yake ni kutafuta nafasi kwenye kumbukumbu, kuuweka humo moyo wa mfumo, yaani keneli, kisha kuiambia prosesa: anzia hapa.

Mwaka 1981, IBM walipotoa PC yao, hakukuwa na kuomba nafasi. Mashine ilichukua baiti 512 za mwanzo wa diski na kuziweka palepale siku zote, kwenye anwani 31,744. Hapo ni KB 1 tu kabla ya kufika KB 32, ili nafasi ya chini ibaki wazi kwa mfumo wenyewe. Tena kumbukumbu yote ilikuwa sawa: popote ulipoweka kitu, prosesa ingeweza kukitekeleza kama maagizo.

Uhuru huo uliponza watu. Tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe kwenye mtandao. Inakadiriwa ilifika kompyuta 6,000 hivi. Njia yake mojawapo ilikuwa kutuma maneno marefu kuliko nafasi iliyotengwa. Yakafurika, na ndani yake mlikuwa na maagizo. Kompyuta ilidhani ni data, kumbe inaendeshwa na mgeni!

Mwaka 2003 AMD walitoa prosesa yenye biti iitwayo NX. Kila kipande cha kumbukumbu cha KB 4 kikapata alama yake: hapa panatekelezwa, hapa hapatekelezwi. Mwaka uliofuata Intel nao wakafuata.

Sasa butiloda ya kisasa, kwenye mashine za UEFI, haijiwekei tu. Inaomba kurasa na kutaja ni za kazi gani: za maagizo au za data. Zamani ukiomba za data ukaweka keneli, mashine ilinyamaza na kuendelea. Mashine mpya zenye ukali zinakataa: keneli ikipiga hatua ya kwanza tu, kila kitu kinasimama.

Tunaguswaje? Windows 8, iliyotoka 2012, haikubali prosesa isiyo na NX. Kompyuta kuukuu ndizo zinazofika kambini kama msaada. Mashine inaweza kuwa na diski nzima na skrini nzuri, lakini ikakataliwa kwa biti moja tu, halafu watu wakaiita mbovu.

Si mbovu. Kwanza, ingieni kwenye mipangilio ya BIOS. Mara nyingine NX ipo ila imezimwa. Kama kweli haipo, yapo matoleo ya Linux ya biti 32 yanayowaka bila hiyo, ingawa ulinzi wake ni mdogo. Mashine ya namna hiyo msiiunganishe ovyo na intaneti. Iacheni ifundishe kuchapa na kuandika programu.

Kwa hiyo, kabla hamjaitupa kompyuta yoyote, tuiteni kwanza tuiangalie pamoja.