UZI: Nani huamua nani atasomea uhandisi Kenya?

Kila msimu wa kampeni lazima kuna mgombea atapanda jukwaani na kuahidi chuo kikuu cha kaunti, na hawezi kushuka kabla ya kutaja uhandisi. Watu wanashangilia. Swali la pili haliulizwi: hiyo digrii itatambuliwa na nani? Hii vita ni ya zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani, kwa hivyo tulieni kidogo.

Tuanzie Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianzishwa MIOME, taasisi ya ufundi kwa Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na wengine. Yaani sharti la kwanza la kuingia halikuwa hisabati, lilikuwa dini. Leo ndiyo Technical University of Mombasa, na inachukua kila mtu.

Nairobi nako, Royal Technical College ilifungua milango 1956. Wakati wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki (1963 hadi 1970) kazi iligawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Kijana wa Mwanza au Gulu akitaka kuwa mhandisi bila kuvuka bahari, njia ilikuwa moja tu. Nchi tatu, kitivo kimoja. Halafu 1970 chuo kikavunjika, kila mtu akabaki na chake. Moi ikaja 1984. JKUAT ilianza 1981 pale Juja kwa msaada wa Japani, kwanza ikiwa chuo cha diploma, ikawa chuo kikuu kamili 1994.

Sasa hapa ndipo pazito. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza 1985, kidato cha tano na sita viliondolewa. Miaka hiyo miwili ndiyo mwanafunzi alikuwa akizama kwenye hisabati na fizikia. Vyuo havikuwa na budi kufidia pengo, ndiyo maana uhandisi ni miaka mitano mpaka leo. Uamuzi wa kisiasa kuhusu shule za upili ukaongeza ada na muda chuoni, na aliyelipa ni mzazi.

Masharti yenyewe yakoje? Ukiyasoma kwenye karatasi, vyuo vinafanana sana. Kuingia chuo kikuu ni C+ ya jumla kwenye KCSE. Kwa uhandisi, kwa kawaida unahitaji angalau C+ katika hisabati, fizikia na kemia. Lakini C+ inakufikisha mlangoni tu. KUCCPS inapanga watu kwa pointi za klasta, jumla 48, na nafasi zinaisha kuanzia juu kwenda chini. Ndiyo maana wawili wenye masharti kamili wanaweza kuomba kozi ileile ya umeme, mmoja akapata Nairobi na mwingine akatupwa kwenye kozi ambayo hakuwahi hata kuiota.

Na kuna mchujo mwingine wa kimyakimya. Fizikia si somo la lazima kwenye KCSE. Shule ndogo ya kutwa isiyo na maabara itamshauri mtoto aiache, na hapo uhandisi unamtoka akiwa kidato cha tatu, kabla hajasikia neno klasta. Hakuna aliyemnyima nafasi rasmi. Mimi naona hapa ndipo mjadala wa usawa ungeanzia, lakini fizikia ya shule ya kutwa haina mkasi wa kukata utepe.

Tukirudi vyuoni: kati ya 2012 na 2013 zaidi ya vyuo kumi vilipandishwa hadhi, vikiwemo Kenya Polytechnic na Mombasa Polytechnic. Kozi za uhandisi zikaongezeka. Shida ni kwamba kuitwa mhandisi kunahitaji usajili, na bodi ya wahandisi ilikuwa ikikataa wahitimu wa kozi ambazo haikuzitambua. Fikiria: miaka mitano, ng'ombe wameuzwa, halafu unaambiwa digrii yako haifai. Wahitimu 107 walienda kortini, na 2018 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi dhidi ya bodi. Kabla ya hapo, 2016, bunge lilikuwa limebadilisha sheria ili Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iwe na kauli ya mwisho kuhusu kozi. Wahandisi hawakufurahia, na kusema kweli wana hoja: daraja likianguka, tume ya vyuo haitaulizwa.

Mwaka huohuo wa 2016 kulipitishwa sheria nyingine, ya wanateknolojia wa uhandisi, wenye bodi yao tofauti. Hapa vijana wengi wanajikwaa. "Uhandisi" na "teknolojia ya uhandisi" zinakaribiana kwenye orodha ya kozi, lakini ni bodi mbili na vyeti viwili. Soma jina la digrii mpaka neno la mwisho kabla ya kubonyeza.

Mgombea akija kwenu na kitivo cha uhandisi mfukoni, muulizeni mtaala umepitishwa na nani, wahadhiri waliosajiliwa watatoka wapi, na maabara italipwa na bajeti gani. Kisha muulizeni kama shule ya kutwa iliyo nyuma ya jukwaa lake inafundisha fizikia.